Forester inakula tairi za nyuma kwa ndani: usinunue amu kabla hujapima

Swali ni la dada mmoja wa Kimara, nalifupisha kidogo. Ana Subaru Forester ya 2004, ile bodi ya SG5, tairi za nyuma zinalika kwa ndani, na ya kulia ndo balaa zaidi, nyuzi zimeshaanza kuonekana wakati upande wa nje kashata bado zipo za kutosha tu. Alienda kufanya wili alaimenti, akatoka usukani umenyooka, haikuchukua muda ukarudi kulala kulia. Akaenda sehemu nyingine wakamwambia bolti za nyuma zimeganda, hazizunguki, kwahiyo anunue amu (vyuma vinavyounganisha tairi na chini ya gari) zote nne za nyuma na shokapu mbili, jumla laki tisa na nusu na ufundi juu. Anauliza kama kuna njia ya nafuu, na je anunue tairi mpya kwanza au asubiri.

Dada pole sana. Nafuu ipo, na kwa dalili ulizotaja naona kabisa sehemu kubwa ya hiyo laki tisa unaweza usiitoe, ila inabidi ukubali kufuata mpangilio, sio leo unabadilisha hiki kesho kile, maana hapo ndo watu wanamaliza hela na tairi zinaendelea kulika vilevile.

Kwanza tuelewane nini kinakula tairi. Vitu viwili vinatajwa sana kwenye mashine ya alaimenti, kemba na too. Kemba ni tairi inavyolala ukiitazama kwa nyuma ya gari, juu imeingia ndani au imetoka nje. Too ni tairi inavyoangalia ukiitazama kutoka juu, yaani kwa mbele zimejikusanya kuja ndani au zimetanuka kwenda nje. Watu wengi wakiona tairi imelala wanailaumu kemba, kwa sababu ndo inayoonekana kwa macho, ila muuaji mkubwa ni too. Piga hesabu ndogo hapa, tairi yako ina kipenyo cha kama sentimita 66 hivi. Ikikaa upande kwa milimita 3 tu, ambazo huwezi kuziona kwa macho, maana yake kila kilomita moja tairi inaburuzwa pembeni kama mita 4 na nusu. Toka Dar mpaka Morogoro ni kilomita kama 190, hapo imeburuzwa pembeni zaidi ya mita 850 kwenye lami ya moto na wewe umekaa zako unasikiliza redio. Ongeza kemba kidogo ya kulalia ndani, basi uburuzaji wote unabebwa na ukingo wa ndani wa tairi, na hicho ndo unachokiona kwenye ile ya kulia.

Kuna kipimo cha bure kabisa. Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi toka nje kwenda ndani, halafu rudisha toka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja unateleza na ukirudi inakwaruza, hiyo ni too. Kama imelika ndani lakini laini pande zote, kemba ina mkono mkubwa. Nina wasiwasi sana kwako itakuwa inakwaruza, kwa sababu ya usukani, ngoja nieleze.

Tairi za nyuma ndo zinaamua gari inaenda wapi, za mbele zinafuata tu kurekebisha. Chukulia ya nyuma kushoto imeingia ndani milimita 3 na ya kulia imetanuka nje milimita 3. Ukijumlisha unapata sifuri, fundi anayesoma jumla tu atakwambia dada nyuma iko poa. Kumbe zote mbili zinaangalia kulia, zinasukuma tako la gari kulia, pua inataka kwenda kushoto, na wewe ili uende sawa unashikilia usukani kulia kidogo muda wote. Gari inatembea upande kama kaa. Sasa yule wa kwanza aliyekufanyia alaimenti nadhani alifunga vipimo mbele tu, akazungusha tairodi (vyuma vinavyogeuza tairi za mbele) mpaka usukani ukanyooka akakuachia. Nyuma haikuguswa, na kama kuna bushi (mpira wa kwenye maungio ya amu) inacheza huko nyuma, kila shimo na kila rasta unayopita inajipanga upya, ndo maana usukani ulirudi. Yaani alinyoosha usukani wa gari iliyopinda.

Sasa huyu wa pili. Kuhusu bolti kuganda anaweza kuwa mkweli kabisa, tena sana. Forester za miaka hiyo nyuma kila upande kuna amu mbili nyembamba zinazotoka katikati kwenda kwenye tairi, na moja ndefu inayotoka mbele kuja nyuma. Ile amu nyembamba ya nyuma, upande wake wa ndani ilipofungwa kwenye krosmemba (chuma kikubwa kinachokatiza chini ya gari), ina bolti yenye kamu, ile sahani ya duara ambayo tundu lake halipo katikati, ina alama alama pembeni. Ukiizungusha ile amu inasogea na tairi inageuka. Hiyo ndo marekebisho pekee ya kiwandani kwa nyuma, too tu, kemba haina pa kurekebisha. Na ile bolti inapita ndani ya kibomba cha chuma kilichopo katikati ya bushi, miaka ishirini ya maji na chumvi chuma kinashikana na chuma. Gari nyingi tunazopata hapa zimetoka Japani, na zile zilizoishi sehemu za barafu kama Hokkaido kule barabara wanamwaga chumvi, chini zinakuja zimeshaoza kutu kabla hata hazijaona bandari yetu. Zikifika hapa zinakutana na upepo wa bahari na madimbwi ya masika, basi.

Ila kuganda kwa bolti sio sababu ya kubadilisha amu. Amu yenyewe ni chuma tu, kama haijapinda na haijaoza haina shida. Kilichokufa ni bolti na bushi moja kila upande. Na amu za mbele yake hazina kamu kabisa, sasa hizo anazibadilisha kwa sababu gani? Na shokapu alizipima vipi? Muulize, sio kwa ugomvi, muulize tu akuonyeshe.

Fanya hivi, tafuta fundi wa chini, yule wa kijiweni mwenye jeki nzuri na stendi, mwambie unataka ukaguzi kwanza. Kabla gari haijanyanyuliwa pima urefu toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, kushoto na kulia. Kama nyuma imekaa chini au upande mmoja umeshuka, springi au shokapu zimechoka, na gari ikikaa chini kemba inazidi kulala na too nayo inahama. Hii muhimu kwa Forester kwa sababu baadhi ya SG zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe kulingana na mzigo, zikifa gari inakalia makalio, na mpya zake bei yake inatisha. Watu wanatoa hizo wanafunga shokapu za kawaida, ila lazima uweke na springi za gari isiyokuwa na mfumo huo, maana zile springi zake ni laini, zilikuwa zinategemea shokapu kubeba. Usipobadilisha springi gari itabaki imekaa tu na utasema shokapu ulizouziwa feki.

Kisha inyanyuliwe nyuma, gari ikae kwenye stendi, sio jeki peke yake jamani. Shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza ni beringi, na beringi za nyuma za Forester za kizazi hicho ni ugonjwa unaojulikana, kama ukifika spidi unasikia muungurumo nyuma kama ndege inataka kuruka na ulidhani ni tairi, inaweza kuwa ndo yenyewe. Kisha shika mbele na nyuma ya tairi utikise tena, mtu mwingine awe chini na tochi aangalie bushi za amu. Achukue mtaimbo mfupi achokonoe kila bushi, ikipasuka mpira au chuma kikihama hata kidogo hiyo imekufa. Asisahau ile bushi kubwa ya mbele ya amu ndefu, huwa inachanika katikati na mafundi wengi hawaiangalii kwa sababu imejificha, na ikichanika tairi inajigeuza yenyewe kila ukishika breki. Gari yenye bushi zinazocheza usiipeleke kwenye mashine, utalipia namba ambazo zitabadilika ukifika Ubungo.

Hapo ndo unakuja kwenye kupima too mwenyewe, na hii inawezekana kabisa na uzi wa nailoni wa waashi, ule wa duka la hadwea, na rula ya chuma. Sehemu iwe tambarare, paving ya nyumbani kama imelala vizuri inatosha. Isogeze gari mbele mita kadhaa na iache isimame yenyewe, usishushe kwenye jeki ukaanza kupima hapohapo, tairi zinakuwa bado zimekunjamana. Usukani unyooke. Weka stendi nne au ndoo zenye mchanga, mbili mbele mbili nyuma, vuta uzi kila upande kwa urefu wa katikati ya rimu. Uzi uwe sawa na gari, yaani kwa tairi za mbele umbali toka katikati ya rimu mpaka kwenye uzi uwe sawa kushoto na kulia, na kwa za nyuma hivyohivyo. Usijaribu kulinganisha mbele na nyuma ziwe namba moja, upana wa mbele na wa nyuma kwenye hizi gari unatofautiana kwa milimita kadhaa, watu wengi wanakosea hapo.

Ukimaliza pima toka kwenye uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu, halafu mpaka ukingo wa nyuma wa rimu ileile. Namba ya mbele ikiwa kubwa, tairi imeingia ndani. Ikiwa ndogo, imetanuka. Tuseme ya kulia umepata 148 mbele na 152 nyuma, tairi inatazama nje kwa milimita 4 kwenye rimu peke yake, na kwenye tairi nzima ni zaidi ya hapo. Hiyo itakula tairi mpya kabla hujamaliza kulipa mkopo wake. Unachotaka ni tofauti ya sifuri mpaka milimita 1 kwa kila tairi, ikiegemea kuingia ndani sio nje, na kushoto kulia zilingane. Pima mara mbili, ya pili usogeze gari tairi izunguke nusu, kwa sababu rimu iliyokunjwa na shimo inakudanganya.

Ukishajua tatizo liko kwenye too, tunarudi kwenye bolti. Fundi apige brashi ya waya, aweke alama ya rangi ilipo kamu, apulizie WD-40 au mchanganyiko wa ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na tina, aache ilale, arudie kesho yake, aache tena. Kisha alegeze nati kwanza, halafu azungushe kichwa cha bolti taratibu. Angalia hapa kwa makini kaa naye karibu: kama bolti inazunguka kidogo halafu ukiachia spana inajirudisha, hiyo haijaachia, inazunguka na kibomba cha bushi na unapinda mpira tu. Ukiiacha hivyo na kufunga nati utaona namba zimekaa vizuri kwenye mashine, ukitembea mpira unavuta unarudisha. Nahisi kuna gari nyingi mjini zimelipiwa alaimenti ya namna hiyo.

Ikigoma kabisa, watakuja na wazo la kuchoma na gesi. Mimi sipendi. Tanki la mafuta liko palepale mbele, kuna paipu za mafuta na za breki, na ukishachoma mpira wa bushi umekufa, kwahiyo bado utanunua bushi. Bora kukata. Kati ya bushi na lile sikio la krosmemba kuna upenyo mdogo, blade nyembamba inapita, bolti inakatwa pande zote mbili na amu inashuka. Cheche nazo ni moto, kwahiyo kama anatumia grenda awe na kitambaa kilicholowa upande wa tanki na mtungi wa kuzimia uwe karibu, akiwa na ile mashine ya msumeno wa kwenda na kurudi ndo nzuri zaidi, hata msumeno wa mkono unafika ila jasho litamtoka na atakudai soda. Asikate sikio lenyewe hata kidogo! Hilo likiliwa ndo utaingia kwenye gharama kweli.

Tatizo lingine, upande wa tairi amu zote mbili zimeshikwa na bolti moja ndefu inayopita mpaka kwenye nako (chuma kinachobeba beringi ya tairi), na hiyo ikiganda inagombanisha fundi na mke wake. Jaribuni nati yake, ikikubali vizuri amu inatoka inaenda kwenye presi. Ikigoma msiitwange nyundo mpaka nyuzi zife. Amu ibaki inaning'inia hapohapo, bushi ya ndani itolewe kwa bolti ndefu ya nyuzi, kipande cha bomba na washa nene, unakaza nati inajivuta yenyewe kutoka. Ni kazi ya taratibu lakini inafanyika na hakuna haja ya kushusha nusu ya gari.

Kwa spea, nenda Gerezani au Kariakoo uulize bolti za kamu za nyuma pamoja na sahani zake na bushi za hizo amu mbili tu. Beba ile uliyoikata au piga picha namba ya chasi, usiende kwa maneno. Bolti chukua mpya, sio lazima iwe na boksi la Subaru, ila iwe na ugumu wake, usikubali fundi akuchongee bolti ya kawaida ya dirishani. Bushi za mpira zinatosha, zile za plastiki ngumu za rangirangi ni za vijana wa mbio, zitakupigia kelele. Ukikuta amu kabisa ya mtumba iliyotoka kwenye nusu kati, yaani gari la Japani lililokatwa na kuletwa kama spea, na bei sio mbaya inaweza hata kuwa nafuu kuliko presi na bushi, ila kabla hujalipa muuzaji akuzungushie bolti mbele yako. Kama nayo imeganda unanunua ugonjwa uleule. Na amu isiwe na dalili ya kuchomelewa au kukunjwa, weka kwenye kioo cha dirisha la duka uone kama imelala sawa.

Wakati wa kufunga, bolti ipakwe grisi ile ya shaba ndani ya kibomba, nyuzi zifutwe. Na hii mwambie fundi kwa mkazo: nati za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, sio tairi zikiwa zinaning'inia. Ukikaza ikiwa juu, siku zote mpira unakuwa umejipinda, utachanika mapema na gari itakaa juu kidogo kuliko kawaida. Kama hakuna shimo la kuingilia chini, anyanyue tairi kwa jeki chini ya nako mpaka bodi ianze kuinuka, hapo akaze.

Baada ya hapo rudi kwenye uzi, zungusha kamu mpaka namba zikae, kaza, sukuma gari, pima tena. Ukifika mashine namba zitakuwa karibu na utalipia mara moja tu. Kwenye mashine angalia vile vishikio vya kwenye rimu, vikifungwa mbele tu, washa gari ondoka. Vifungwe tairi zote nne, upepo uwe sawa, vitu vizito vitoke kwenye buti, nyuma irekebishwe kwanza ndo mbele ifuate, na karatasi ya kabla na baada udai, namba za kushoto nyuma na kulia nyuma kila moja peke yake, sio jumla.

Ikitokea too imekaa vizuri lakini kemba ya kulia bado imelala sana kuliko kushoto, na springi ziko sawa, hapo kuna kitu kimepinda, mara nyingi gari iligonga ukingo wa barabara au ilishawahi kugongwa kabla hujainunua. Kuna bolti za kemba zenye kiuno chembamba zinafungwa pale shokapu inapoungana na nako, zinakupa nafasi kidogo ya kurekebisha kemba, na ni bei ndogo ukilinganisha na kubadilisha nako. Ila ziwe za mwisho baada ya kukagua nako na shokapu kama zimepinda, sio za kufichia.

Umegusia pia IST ya mumeo kwamba nayo nyuma inalika. Hiyo ni habari nyingine kabisa, IST, Vitz na nyingi za namna hiyo nyuma zina bimu moja nzima, hakuna bolti ya kuzungusha popote, kwahiyo mtu akikwambia ameifanyia alaimenti ya nyuma muulize alizungusha nini. Pimeni na uzi, angalieni bushi mbili za bimu na beringi, na kama bimu imepinda, bimu ya mtumba iliyonyooka ndo jibu, au sahani nyembamba za pembe zinazowekwa kati ya hapu (pale tairi linapofungwa) na bimu kama fundi anazijua. Wanaokunja bimu kwa jeki na mnyororo kaeni nao mbali.

Kuhusu tairi, usinunue sasa hivi. Maliza kwanza bolti na uzi, maana ukifunga mpya leo zitaliwa ukiwa bado unatafuta spea. Lakini hiyo ya kulia yenye nyuzi nje usiende nayo hata Mbezi, weka tairi ya akiba kama ipo, na kwa kuwa Forester yako inavuta tairi zote nne, tairi moja kipenyo chake kikiwa tofauti sana na zingine kinauumiza mfumo wa kati, kwahiyo hiyo ya akiba iwe ya kutembelea siku chache tu za matengenezo. Siku ya kununua chukua nne za saizi na aina moja, kama hela haitoshi angalau zile mbili za mbele ziwe hazijaisha sana na zilingane. Ukibaki na zile za zamani za nyuma zenye kashata zilizolika upande usishangae zikiendelea kuunguruma hata baada ya kila kitu kunyooka, tairi ikishachongwa vibaya kelele zake zinabaki mpaka uitoe.